Mke wangu alivyotunza harusini kwa noti ya marehemu baba, nikaifuata hadi Kihagara

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Atakayesema ni chai aje Mbinga nimpe kahawa.

Mwaka 1973 nikiwa na miaka kumi, baba alifariki. Shida zikaanzia hapo.

Kwetu Namswea tunalima ngoro, yale mashimo ya mlimani. Ukibadilisha shamba, palipokuwa tuta panakuwa shimo. Baba alifukia kopo la hela kwenye tuta, hakumwambia mtu. Mama alipochimba ngoro mpya, jembe likagonga bati.

Tulicheza ngoma pale pale shambani!

Mama akanishika mkono hadi dukani mjini, aninunulie sare ya shule. Mwenye duka akazigeuza zile noti, akacheka.

"Mama, hizi zimekufa kabla ya mumeo."

Zilikuwa za zile enzi za hela moja ya Afrika Mashariki, zilishaondolewa kwenye mzunguko. Nikaishia darasa la tatu, nikaenda kuchuma kahawa za watu.

Mama alizitia motoni kwa hasira. Nikawahi moja, ya shilingi ishirini, ya bluu, ina ziwa na mashua. Ndiyo kumbukumbu pekee ya baba niliyobaki nayo. Picha hakuwahi kupiga.

Nilipopata shamba langu nikaanza kuitafutia wenzake. Nikanunua noti za mkoloni, za ujamaa, zote zilizokufa. Siku hizi mtu akitaka kubomoa nyumba ya marehemu babu yake, ananipigia simu mimi kabla ya fundi. Maana wazee walificha hela kwenye mapaa, kwenye magodoro, hadi kwenye mizinga ya nyuki.

(Vijana mnaoanza collection: noti ya kale haifuliwi. Mimi niliifua moja kwa sabuni ya mche nikaipiga na pasi ya mkaa. Ikatoka kama karatasi ya kufungia maandazi.)

Mke wangu, Mama Fulgensi, hajawahi kuipenda kazi hii. Husema, "Ningekuwa noti, ungenipangusa vumbi."

Sasa sikilizeni.

Mjukuu wetu Editha kaolewa Kihagara, kule chini ziwani. Sherehe ya kumuaga tukafanya kwetu. Nikavaa koti, na ile noti ya baba nikaitia mfuko wa ndani kwenye plastiki yake, niwaringishie wakwe. Wavuvi wale, nikasema, watajua mimi ni nani.

Joto likanizidi. Nikavua koti nikalitundika kwenye kiti, jirani na mke wangu. Kosa lilikuwa hilo.

Ukafika wakati wa kutunza. Watu wanacheza wanakwenda kumbandika bibi harusi noti. MC akapaza sauti, "Babu yuko wapi? Au mifuko yake imeshonwa?"

Ukumbi ukacheka. Mimi nikajifanya natafuta kijiti cha meno.

Mara namwona Mama Fulgensi huyo anakwenda, kiuno hakina umri. Mnajua kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na bibi yake ni mke mwenzie. Akafika mbele, akainua kitu cha bluu.

"Mke mwenzangu! Umetumikia nyumba hii vizuri. Mume wetu anakupa kiinua mgongo!"

Akakibandika kwenye shela.

Wakuu, ilikuwa ile noti ya baba. Na kilichotunzwa hakirudi. Ukikidai ni kama unamdai na bibi harusi arudi. Nikapiga makofi na wenzangu, machozi yananilenga. Watu wakasema babu kaguswa.

Wiki iliyofuata nikateremka Kihagara. Baba mkwe wa Editha ni Mzee Aidano, mvuvi, mdomo wake hauna mlango. Noti ya baba ilikuwa ukutani, imewekewa kioo.

"Karibu mkwe. Umekuja kutuona sisi au ile ya ukutani?"

"Nyie," nikadanganya.

"Basi kaa kiti hiki, uipe mgongo."

Nikala ugali kwa samaki mbasa wa kuchoma, shingo inaniwasha. Mwisho nikashindwa, nikatoa bunda la hela hai mezani. Nikamwambia Editha, "Mke wangu, niuzie."

"Siuzi, babu. Omba."

Mimi? Kuomba? Tangu darasa la tatu sijamwomba binadamu hata chumvi.

"Naomba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbuzi mwenye mafua. "Ni ya baba yangu. Sina kitu chake kingine."

Editha akapiga magoti, akanishika mkono. "Haya, nimekupa. Ni yako. Ila itakaa hapa hapa. Ikirudi Mbinga utaifungia sandukuni, na huku hutakanyaga tena."

Mzee Aidano akadakia, "Tena ina ziwa na mashua. Nyie watu wa mlimani mngeifanyia nini? Mngeipalilia?"

Nilipofika nyumbani Mama Fulgensi hakuuliza noti. Aliuliza samaki wako wapi.

Nilichojifunza: nunua bila kuomba punguzo, hifadhi pakavu, na koti usivue jirani na mkeo.

Wenye hela mfu wekeni picha hapo chini nizione. Wa kucheka nanyi chekeni, ila muanze na shikamoo.

Leo hii nina shamba la kahawa Namswea. Nina nyumba ya bati, mashine ya kumenya kahawa, pikipiki, nguruwe na sanduku la noti zilizokufa. Nina mke yule yule.

Na noti moja ya bluu, iko Kihagara ukutani. Jumamosi nateremka kuiona.