Siku Tuliyombeba Jirani Kuvuka Bonde

Jumanne nilimkuta jirani yangu kibarazani anamenya mihogo. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii. Nikamwambia ndiyo hali ya wajawazito wengi, apumzike, Ijumaa nitampeleka kliniki. Nilikuwa na miezi minne tu tangu mkutano wa kijiji unichague kuwa mhudumu wa afya, na shamba langu lilikuwa limeliwa na magugu. Nilikuwa na haraka. Sikumuuliza hata kama kichwa kinamuuma.

Alhamisi asubuhi mkunga wetu wa jadi aliingia uani kwangu bila hodi. Bibi huyu ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Lakini tangu kikao ambapo nesi wa zahanati alimwomba aache kuzalisha nyumbani, na badala yake awe anawasindikiza wajawazito, alikuwa hajibu salamu yangu. Kikaoni aliinuka akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

"Twende," alisema. "Jirani yako, yule mtoto wa watu, kichwa kinampasuka, na anasema haoni vizuri. Mimi dawa ya hiyo sina."

Mume wa jirani alikuwa mjini, kibarua bandarini. Mlangoni tulimkuta mama mkwe, mwanamke aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana. Alikuwa ametandaza mikono kuziba njia. Ni shetani, alisema, na mganga ameshaitwa.

Bibi alimsogelea, akamsemesha Kimakua taratibu. Baadaye ndipo aliponieleza alichomwambia: "Nimewazika wawili waliolia kichwa hivi. Wote wawili nilikaa nao nikisubiri."

Mama mkwe aliteremsha mikono. Ndani tukasikia kitanda kinagonga ukuta.

Jirani yangu alikuwa amekakamaa, macho juu, mwili mzima ukitikisika. Kifafa cha mimba nilikuwa nimekisoma kwenye kijitabu tu. Nikatoa simu, nikakosea namba ya nesi mara mbili.

"Mlaze ubavu. Msimtie chochote mdomoni," nesi alisema. "Gari la wagonjwa linakuja, nami nimo, ila halivuki bondeni. Maji yameondoka na karavati. Mleteni ng'ambo."

"Tumlete na nani? Wanaume wote wako mashamba."

"Kikaoni mlisema wabebaji mtawatafuta wenyewe."

Kweli tulisema. Nilikimbia msikitini. Shehe hakuniuliza maswali. Aliwasha kipaza sauti. Saa ile kipaza sauti chetu hutangaza vifo, kwa hiyo alianza hivi: "Hakuna msiba. Narudia, hakuna msiba bado. Kuna mzazi wa kubebwa. Mwenye nguvu aje."

Ile "bado" ilinichoma.

Walikuja na majembe mabegani, matope hadi magotini. Tulimtoa na kitanda chake cha kamba, wanaume sita wakakibeba. Bondeni maji yalikuwa mekundu, yakienda kasi, na ng'ambo tuliliona gari na nesi mwenye gauni jeupe akitupungia. Wabebaji walisita. Aliyetangulia kuingia ni mama mkwe. Alishika upande wa kichwani, akaingia na khanga zake, maji yakamfika kifuani.

Katikati ya maji kifafa kilirudi. Kitanda kiliyumba, mtu mmoja akateleza, na mguu wa mgonjwa ukazama. Bibi alipiga kelele, "Inueni! Inueni mabegani!" Sijui waliinuaje. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa chake kwa mikono miwili, nimekielekeza pembeni, na povu lake likinichuruzika kwenye mikono.

Nesi alimchoma sindano palepale kwenye matope, kabla hata hatujamwingiza garini.

Alipasuliwa hospitalini mjini mchana uleule. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi kwamba kofia ilimfunika uso. Kwa siku mbili mama hakujitambua. Siku hizo manesi walimfungia mtoto kifuani kwa bibi yake mzaa baba, ngozi kwa ngozi, apate joto. Mama mkwe alikaa kwenye kiti hivyo, hainuki mpaka alazimishwe.

Ndipo nilipomwambia kwamba Jumanne niliiona ile miguu nikasema apumzike tu.

Alimvuta mtoto kofia ikae vizuri. "Ungesema siku ile ningekufukuza," alisema. "Lakini ungekuwa umesema."



Wote walipona. Mama alirudi nyumbani hakumbuki chochote tangu Jumatano, akawa anawauliza majirani, mmoja mmoja, walichokiona. Siku hizi mimi na bibi mkunga tunazunguka pamoja. Akimkuta mjamzito, humkalisha chini, akamwuliza habari za kichwa, macho na tumbo, kisha akambonyeza muundi kwa kidole gumba. Kishimo kikibaki, dalili ya uvimbe, ananiangalia tu. Tunaondoka na mgonjwa saa hiyohiyo, na shamba litasubiri.