Mtihani wa Gari Hadi Luvungi

Ndugu zangu wa Kigoma, mnaniuliza kwenye simu kama nimeshazoea Uvira. Ngoja niwasimulie safari moja, mengine mtajijazia.

Safari yenyewe ilitokana na pikapu. Mume wangu, Baba Espe, aliiendesha miaka mingi akileta mihogo na mchele kutoka bonde la Ruzizi hadi sokoni, mpaka kiharusi kilipomlaza na upande mmoja wa mwili ukafa. Gari hilo ndilo lililotulisha. Mimi naendesha tangu usichana wangu na leseni ya Tanzania ninayo, basi nikashika usukani. Sikufika mbali. Kwenye kizuizi cha Kavimvira nilirudishwa: mpita njia huachiwa leseni ya kwao, lakini mimi ni mkazi, nimeolewa hapa, sharti niwe na permis, yaani leseni ya hapa. Ukoo ukakaa kikao. Shemeji yangu Kiza, ambaye permis anayo, akasema gari lisiozee uani. Ikifika Jumapili sina permis, atalichukua yeye. Hakuna aliyempinga, hata mwenye gari.

Ijumaa asubuhi nilimfuata mkaguzi anayetahini madereva, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole. Alizunguka pikapu, akapiga teke gurudumu moja, akapanda.

“Mama, mtihani tutafanyia mbali kidogo,” alisema. “Hapa mu mji muntu hawezi kuonesha akili yake. Twende mpaka Luvungi.”

“Luvungi kuna nini, shefu?”

“Kuko njia. Na dada yangu pia iko kule.”

Basi nikajua mtahiniwa ndiye teksi. Mwenye shida hachagui. Nikawasha gari.

Kavimvira tulipita polepole. Ziwa lilikuwa limeingia ndani ya nyumba za watu na halikuwa na haraka ya kutoka. Katika sebule moja isiyo na paa matete yalikuwa yameota. Ni ziwa letu lilelile, lakini siku ile sikutaka kulitazama. Askari wa kizuizini walimwona mkaguzi wakateremsha kamba bila kudai permis. Nami nilikuwa nikijisemea kimoyomoyo kulia, kulia, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Mnajua kwetu gari hushika kushoto. Huku hushika kulia, na mazoea yana taabu.

Bondeni barabara ilikuwa mashimo na vumbi. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Watu walitembea pembeni na magodoro kichwani, wengine wakienda, wengine wakirudi, na hakuna aliyeonekana kuwa na hakika upande upi ni salama. Kwenye mwinuko mmoja mkaguzi alinisimamisha, akaniambia nianze tena. Gari halikurudi nyuma hata kidogo.

“Nani alikufundisha?”

“Kaka yangu, Kigoma.”

“Alifundisha muzuri.”

Nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu Baba Espe aanguke.

Luvungi dada yake alitupa bukari na sombe, ndio ugali na kisamvu chetu. Aliposikia habari za mume wangu aliacha kula. “Pole, mama,” alisema. “Weye kaza tu roho.” Kisha yakaletwa magunia ya mchele ya kupeleka nyumbani kwa mkaguzi, nami nikashika ncha moja ya kila gunia kupakia, nikitabasamu. Msinicheke. Nilikuwa naitaka ile permis.

Tulipokwisha kupita Sange, tukirudi, nikaona lori la msiba likija: matawi mabichi mbele, taa zimewashwa, watu nyuma wakiimba. Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Msiba ukipita unaweka gari pembeni, unainamisha kichwa. Nikaweka gari pembeni, nikainamisha kichwa.

Nilikuwa nimeliweka kushoto, mbele ya lori.

Breki zililia. Nilipoinua macho lori lilikuwa limesimama karibu kabisa na pua ya pikapu, na nyuma watu walikuwa wamelikumbatia jeneza dogo lililoteleza. Mwanamke mmoja alishuka, kanga imefungwa kifuani, akaja dirishani kwangu.

“Weye mama, unamufungia mutoto wangu njia? Hata hii ya mwisho?”

“Nisamehe, mama. Mimi ni mgeni.”

“Mugeni naye anaonaka jeneza.”

Nilirudi nyuma, nikaenda upande wa kulia, wakapita. Hawakuimba tena.

Jioni tulifika kwa mkaguzi. Njia yote iliyobaki nilikuwa nimeendesha bila kosa, na magunia nilisaidia kuyashusha mpaka mlangoni, nikijipa moyo kwamba mchele utaniombea.

“Mama,” alisema, “unaendesha kupita wengi wenye nilipatia permis. Lakini ukishituka, mukono yako inarudiaka kwenu. Sitaweka saini. Rudi kisha miezi tatu.”

“Jumapili wanachukua gari, shefu.”

“Najua. Na kama lile lori halingekuwa na breki, Jumapili wangekuzika.”

Nilimchukia. Alikuwa amenifanya teksi kutwa nzima, halafu akaamua kuwa mwadilifu saa ileile niliyomhitaji awe mla rushwa.

Nyumbani nilimweleza Baba Espe yote. Aliuliza swali moja tu: “Jeneza ilikuwa ya mukubwa ao ya mutoto?” Nilipomjibu alifumba macho. Jumapili baada ya ibada Kiza alikuja, akanywa chai yake yote, akachukua funguo.

Nilichojifunza ni hiki: nimehamia Uvira, mikono yangu bado haijahamia, na hilo siwezi kulikana tena. Miezi mitatu haijatimia. Mihogo ya kula tunaletewa na Kiza anapokumbuka.

Kila asubuhi pikapu hupita barabarani ikielekea bondeni. Baba Espe huitambua kabla yangu, akainua kichwa kwenye mto wake wa kulalia.

“Vitesi ya tatu inamushinda,” husema.

Nami nimesikia hivyohivyo, Kiza akiikwaruza gia. Namrudisha kichwa taratibu, tunangoja mlio upotee.