Bofya Kulia

Kwa miaka mingi duka la steshenari la Tulia na Naima, nyuma ya soko la Tukuyu, lilikuwa na mikono minne na kompyuta moja. Naima ndiye aliyekaa kwenye kiti. Aliandika barua za shule, kadi za harusi na historia za marehemu, shali imemfika puani, akiilalamikia baridi kana kwamba ni jirani mkorofi. Tulia alipokea wateja, akatoa kopi, akabana kurasa, akachemsha chai. Mvua ikipiga bati hata wasisikilizane, waliongea kwa nyusi, na walielewana.

Kisha mume wa Naima akapata biashara Mpanda, mizigo ikafungwa. Haukupita muda, kompyuta nayo ikagoma, ikalala miezi kadhaa, duka likiishi kwa kopi tu. Mwishowe fundi Uwesu aliifufua kwa kuiwekea mfumo mwingine, Linux.

"Ya bure, na haielemei mashine kongwe," alisema. "Utaizoea tu, dada."

Asubuhi iliyofuata akaja Mzee Yohane wa Kawetele na ratiba ya jubilei ya kwaya, anataka ichapwe. Tulia alikalia mto ambao bado ulikuwa na umbo la mtu mwingine. Ukanda wa chini wa kioo, ambako zamani alama za programu zilijipanga kama sahani kabatini, ulikuwa mtupu. Akishindwa leo, watu watasema duka lilikuwa la Naima, yeye alikuwa mpika chai, nao watahamia duka la ng'ambo ya barabara.

"Kama imekushinda, mwanangu, sema," Mzee Yohane alisema kwa upole. "Pale ng'ambo nimeona mlango uko wazi."

"Haijanishinda, baba. Inaamka polepole, kama mimi."

Akampigia Naima.

"Leo umenikumbuka, eh? Mashine imekukwama!"

"Usinianze, nina mteja. Uwesu ameweka Linux, programu zote zimepotea."

"Hazijapotea, zimejificha, hata ya dukani kwetu huku ni hiyo hiyo. Bofya kona ya kushoto kule chini, orodha itafunguka. Ya kuandikia unaiona?"

"Naiona."

"Sasa bofya kulia."

Tulia akakikodolea kioo macho. "Nibofye huku nalia?"

Kicheko cha Naima kilijaa dukani hata Mzee Yohane akatabasamu bila kujua kisa. "Kitufe cha kulia cha mausi, wewe! Upande wa kulia! Miaka yote ile ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia wateja wasikimbie ule mdomo wako. Si useme upande! Nilivyolia siku ile unaondoka ilitosha, sasa na kompyuta inanidai machozi."

Naima aliacha kucheka. Nyuma yake redio ya huko kwake ilisikika ikiimba.

"Hata mimi," akasema. Halafu akakohoa. "Haya. Kiorodha kimetokea? Chagua mstari wa kuibandika kwenye ukanda wa chini."

Tulia akabofya. Alama ikatua mahali pake. Ya picha ikafuata. Ya kuchapia aliibandika kabla Naima hajamaliza kueleza, na furaha ikampanda. Kisha, bila kutarajia, ikageuka kitu kizito kifuani. Mwanzoni Naima alikuwa akipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa Ijumaa kwa Ijumaa, kisha salamu za sikukuu. Leo walikuwa wametaniana tena kwa sababu tu yeye hajui pa kubofya, na hapa anajifunza haraka.

"Imebaki ipi? Ya skana?" Naima aliuliza.

Alama ya skana ilikuwa mbele ya macho ya Tulia, mshale umekaa juu yake, kidole kiko kwenye kitufe. Mzee Yohane alikwisha kuvuta kigoda na kuikunjua karatasi yake.

"Hiyo siioni," Tulia alisema. "Nitakupigia kesho unielekeze."

"Mbona ipo hapo hapo chini ya..." Naima akaishia katikati. Redio ilizimwa. "Sawa, kesho. Mapema, kabla sijafungua duka. Na wewe usije ukaitafuta kabla."

"Siitafuti."

Tulia alikata simu, akaileta ile ya kuandikia kwa mbofyo mmoja. Ukurasa mweupe ukajaa kioo.

"Ndaga fijo, baba, kwa kunivumilia," alimshukuru kwa Kinyakyusa. "Haya, nisomee. Kwaya inaitwaje?"