Fomu ya Trekta Niliyoinyamazisha

Bado naikumbuka asubuhi ile Mama Skola alipoingia ofisini kwetu ameshika kandambili mkononi, miguu imejaa matope meusi ya bondeni, akauliza kwa upole kwa nini trekta limempita. Nakusimulia wewe, mdogo wangu, ambaye siku moja utakabidhiwa kompyuta za ofisi fulani kwa sababu tu wamesikia kwamba unajua kompyuta. Sina umri wa kutoa nasaha. Mvi sina, na wazee wa Ifakara wakinisikia najifanya mzee watanicheka. Lakini katika kazi hii ya kutengeneza fomu ambazo watu wengine watazijaza, nimekutangulia kidogo, na nimeanguka mahali ambapo wewe bado hujafika.

Nilikuwa nafanya kazi katika chama kidogo cha wakulima wa mpunga. Chama kilikuwa na trekta moja, likilima mashamba ya wanachama kwa zamu. Unajua bonde letu lilivyo. Udongo ukishalowa sawasawa, trekta likiingia halitoki, na aliyekuwa hajalimiwa atashika jembe la mkono au ataacha shamba lilale. Kwa hiyo watu walikuja mapema, kutoka Katindiuka, Lumemo na kwingine, kuandikisha zamu zao. Dereva wetu, kijana wa Kisukuma aliyeitwa Nkwabi, alipewa orodha ya upande mmoja, akiumaliza anapewa ya upande unaofuata. Kurudi nyuma haikuwa desturi, maana kurudi ni kupoteza siku, na mvua haimsubiri mtu.

Orodha hiyo ilikuwa ndani ya kanzidata, yaani daftari la ndani ya kompyuta, niliyoitengeneza mwenyewe. Sikusoma chuo. Nilijifunzia kwenye duka la mjomba wangu la kuchapa barua na kadi za harusi, kwa kutazama video kwenye simu na kurudia mpaka kichwa kinaniuma. Labda ndiyo sababu nilikuwa na hofu ambayo wenye vyeti hawaijui. Kila siku niliingia ofisini nikidhani leo mtu atasimama na kuuliza, huyu nani alimleta. Nikajikinga kwa kufanya kila kitu kiwe safi kupita kiasi. Visanduku vya fomu yangu vilikuwa na upana mmoja, nilivisogeza kidogokidogo mpaka vikanyooka. Rangi yake niliibadilisha mara nyingi hata mwenzangu, Bi Mwanaidi, akaniuliza kama tunaandikisha trekta au tunampamba bibi harusi.

Bi Mwanaidi alikaa kwenye meza ya mlangoni, akipokea watu. Mimi nilikuwa meza ya pili. Kompyuta ya tatu ilikuwa chumbani kwa katibu wetu, Mzee Gaspari, na humo ndimo kanzidata yenyewe ilimohifadhiwa, sisi wengine tukiifikia kwa waya. Na kwa kuogopa watu wawili wasije wakaharibiana taarifa, nilikuwa nimeipanga hivi: mtu mmoja akianza kubadilisha chochote, orodha nzima inafungwa kwa wengine mpaka atakapomaliza. Niliona huo ndio ulinzi. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa nyumba nzima kwa sababu mtu mmoja anaoga.

Msimu ulipochanganya, makosa yakaanza. Bi Mwanaidi anajaza jina, anabofya kitufe cha kuhifadhi, unatokea ujumbe wa Kiingereza unaosema haiwezekani, rekodi zimefungwa na mtumiaji mwingine. Ujumbe ulitaja hata kompyuta iliyozifunga. Ilikuwa ya Mzee Gaspari. Mzee alikuwa na tabia ya kufungua jina la mtu, kugusagusa herufi, halafu akiitwa nje anaondoka na kuiacha fomu hivyohivyo, nusu imebadilishwa, akaenda kuzungumza na wakulima uani mpaka chai ipoe.

"Rehema, njoo," Bi Mwanaidi alikuwa akiniita, watu wakisikia. "Kitu chako kimenuna tena. Mzee kakilalia."

Watu kwenye benchi walicheka. Nami niliona wananicheka mimi.

Hapa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Nilijua tatizo ni nini. Nilichotakiwa kufanya ni kubisha mlango wa katibu na kusema, mzee, naomba ukimaliza uifunge fomu. Sikuweza. Nilifika mlangoni, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kama anahitaji karatasi za kuchapia. Mtu wa umri wa babu yangu, ndiye aliyenipa kazi bila cheti, nianze kumfundisha kufunga dirisha? Kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba anakosea. Nikarudi mezani kwangu, na kwa kuwa sikuweza kumwambia mtu, nikaona niinyamazishe mashine.

Kuna mstari mmoja wa maagizo, na wewe utakutana nao. Unaiambia programu kwamba ikikutana na kosa lolote isiseme kitu, iendelee mbele. Niliuweka. Chini yake nikaongeza neno zuri la kijani, "Imehifadhiwa", litokee kila mtu anapobofya kitufe. Fomu ikatulia. Bi Mwanaidi akanisifu. Mzee Gaspari aliniambia, "Binti, siku hizi mambo yanakwenda," na nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimejawa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona haya.

Ndipo akaja Mama Skola.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Trekta limemaliza upande wetu. Wa kulia kwangu kalimiwa, wa kushoto kalimiwa. Mimi nimebaki katikati kama mahali kinyozi aliposahau."

Nikatafuta jina lake. Halikuwepo. Nikatafuta kwa jina la pili, kwa kijiji, kwa namba ya simu. Halikuwepo. Nikamwambia, kwa ile sauti ya ofisini ambayo sikujua kwamba ninayo, "Mama, jina lako hapa halimo. Labda ulikusudia kuja ukapitiwa."

Hakukasirika kwa sauti. "Nilikuja. Nilikaa kwenye benchi hilo. Huyu bibi akaniambia nimevaa kanga ndani nje."

"Ni kweli," Bi Mwanaidi akasema kutoka mezani kwake. "Na ukanijibu kwamba anayekagua kanga za wenzake nyumbani kwake hakuna wa kumkagua."

"Nikasema hivyo, ndiyo."

"Nilimwandika kwa mkono wangu, Rehema. Kitu chako kikaniambia imehifadhiwa."

Nikamwomba Mama Skola akae, nikamwomba Bi Mwanaidi afungue jina lolote, aandike herufi moja na kuacha. Kisha kwenye kompyuta yangu nikaandika mtu wa kubuni, nikahifadhi. Neno la kijani likatokea. Nikafungua orodha. Hakuna mtu. Nikauondoa ule mstari wangu, nikarudia vilevile, na ujumbe wa kosa ukatokea kama zamani, mrefu, wa Kiingereza, unaniambia ukweli wote.

Halafu nikatazama namba ambazo kanzidata yenyewe humpa kila mtu kwa mfuatano mara anapoanza kuandikwa, hata asipohifadhiwa. Zilikuwa zinaruka. Hapa namba moja haipo, pale mbili hazipo. Kila pengo lilikuwa mtu aliyekaa kwenye lile benchi, akataja jina lake, akaambiwa nenda, utapigiwa simu. Mapengo niliyaona, majina hayakuwepo popote.

Nitakuambia nilichofikiri, usinihukumu. Nilifikiri nimwingize Mama Skola kimyakimya, nirekebishe fomu, na yeyote atakayekuja kulalamika nimwingize vivyo hivyo. Asiyekuja, basi. Hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lake aliposema, kama mtu anayezungumza ya kwake tu, "Na jirani yangu mwenye mtoto mchanga, yeye mmemwandika? Hatoki nyumbani. Kasema anasubiri simu yenu."

Nikamuuliza jina la jirani, nikatafuta. Hakuwepo.

Mikono ikasimama. Mtu yule asingekuja kulalamika. Angeendelea kusubiri mpaka maji yafike shambani, akiamini kwamba ofisi ina jina lake. Nikanyanyuka, nikaenda kwa Mzee Gaspari, na safari hii sikumuuliza kuhusu karatasi.

Mzee alikuwa amefanya kazi reli huko Mlimba kabla ya kustaafu na kurudi kulima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Reli, taa ya ishara ikiharibika, treni inasimama. Tunachelewa, abiria wanatutukana, lakini tumesimama salama. Wewe taa yako imeharibika, ukaenda kuipaka rangi ya kijani."

"Niliogopa mtaniona sijui kazi, mzee."

"Tungekuona hujui kwa dakika chache, tukasahau. Na anayeiacha fomu wazi ni nani?"

Macho yangu yakaenda kwenye kompyuta yake.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, mzee."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanionea haya." Alivua miwani akaiweka mezani. "Heshima ni kuniamkia. Kuniacha niwaharibie watu mashamba si heshima, binti. Ni kunitupa. Katoe huo mstari, halafu tutafute watu."

Tuliwatafuta. Tangazo likapelekwa msikitini na kanisani, na vijana wa bodaboda wakaombwa kulisambaza vijijini. Mzee aliniagiza nisimame mlangoni mwenyewe na kumweleza kila anayefika kwamba kosa ni la ofisi, si lake. Wengine walinipa pole. Mmoja alinisema mpaka Bi Mwanaidi akaingilia kati, akamwambia, "Baba, ukimmaliza huyu nani atakuandika?" Yule mwenye mtoto mchanga alimtuma mdogo wake. Nkwabi alikubali kurudi nyuma, ingawa alilalamika njia nzima. Mvua nazo zikaanza kushuka kutoka milima ya Udzungwa.

Shamba la Mama Skola lilikuwa la mwisho kufikiwa upande ule. Nilikwenda naye. Nkwabi alilima sehemu ya juu vizuri, lakini alipoteremka kwenye sehemu ya chini magurudumu yakaanza kuzama. Akazima mashine akashuka kutazama.

"Dada, nikiingia hapo tutalala hapo mimi na trekta. Siingii."

Nilimbembeleza. Mama Skola ndiye aliyesema, "Mwache aende, ana wengine." Akachukua jembe. Nami nikaazima jembe kwa jirani. Tulilima sehemu tuliyoiweza siku hiyo na siku zilizofuata, mimi na yeye na binti zake, mimi nikiwa mzigo kuliko msaada. Sehemu iliyobaki maji yaliichukua, na mwaka ule yaliota matete pale ambapo pangekuwa na mpunga wake. Sikupata njia ya kulirekebisha hilo, na sina hadi leo.

Tulipokuwa tunapumzika, miguu ndani ya maji, nilimwomba msamaha kwa ajili ya trekta. Aliendelea kutoa matope kwenye jembe kwa kijiti.

"Trekta ni chuma, linaharibika, linachelewa, nimezoea," akasema. "Kilichoniuma ni pale uliponiambia sikuja."

Mdogo wangu, haya ndiyo ninayotaka ubaki nayo. Fomu ikikataa, usione inakutukana. Soma ujumbe wake mpaka neno la mwisho, uuandike mahali, kisha jaribu kulirudia kosa kwa makusudi ukiwa na nakala ya taarifa pembeni. Badilisha jambo moja, ujaribu, ndipo uguse jingine. Ujumbe wa Kiingereza ugeuze uwe Kiswahili kinachomwambia mtu afanye nini, lakini usiufute. Neno "Imehifadhiwa" liandike pale tu unapokuwa umethibitisha kwamba jina limo. Mimi niliibadilisha ile ya kwetu ikawa inafunga jina moja tu linaloguswa, na wengine wakaendelea na kazi. Lilikuwa jambo dogo. Ningelifanya siku ya kwanza kama ningekubali kuonekana nimekwama.

Mtu akisimama mbele yako akasema alikuja, na kompyuta ikasema hakuja, mwamini mtu kwanza, ndipo uichunguze kompyuta. Na mkubwa wako akikosea, mwamkie, kaa chini, mwambie. Mwambie kwa sauti ndogo na kwa maneno mazuri, lakini mwambie siku hiyohiyo. Wengi watakushukuru. Mmoja asipokushukuru, angalau utakuwa hujamwachia mwingine alipe kwa shamba lake.

Najua unaogopa. Mimi pia bado naogopa, na waraka huu nimeusahihisha mara nyingi kuliko ulivyostahili. Mungu akujalie utulivu wa mikono, na ulimi mwepesi wa kusema sijui. Akupe wakubwa wanaosikia na wenzako wanaokutania bila kukuumiza. Na kila atakayekaa mbele ya meza yako akataja jina lake, akalikute salama pale ulipoliweka. Amina.