Mawe ya Bi Mize

Makumbi ya nazi yaliyokaa matopeni miezi sita yananuka kama mayai viza, na sioni haja ya kuyapamba. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea kijijini kwao Maryamu, rafiki yangu wa darasa la tano, na hata leo nikiisikia popote nafurahi. Baba yangu alikuwa mwalimu kutoka Bara. Tulikaa Wawi, kisiwani Pemba, nyumba ya kando ya barabara kuu, na mama alinikataza katakata kuivuka peke yangu. Likizo ile aliniruhusu niende na Maryamu kwa bibi yake, Bi Mize. Gari lilitushusha kwenye mikarafuu, tukamalizia kwa miguu, maana njia ya kijijini ilikuwa nyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hupisha. Hakukuwa na gari wala pikipiki. Kwa mara ya kwanza nilikimbia bila kutazama kushoto wala kulia, na kwa siku nne hakuna aliyenikanya.

Siku ya tano nikaharibu. Maji yalikuwa yamekupwa, Maryamu bado yuko chuoni akisoma Kurani, nami nikateremka pwani peke yangu kujenga nyumba ya kuchezea. Nikaona mawe mazuri yamepangwa juu ya tope, nikayabeba yote. Sikujua kwamba kila mwanamke pale ana shimo lake, anafukia makumbi humo mpaka yalainike, kisha anayaponda na kusokota kamba, na kwamba mawe ndiyo yanayoyazuia yasichukuliwe na maji. Bahari ilipojaa, makumbi ya Bi Mize yakaelea yakaenda zake, na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu ayafukue. Nilikiri mwenyewe. Nikaogopa jambo moja tu, kwamba sitaitwa tena.

"Kesho twafukia mengine, mie na weye," Bi Mize akasema. "Na shimo hilo lako. Utakuja ulifukue mwenyewe."

"Nitakuja, bibi."

Tukafukia, mikono ikaninuka wiki nzima. Miezi miwili baadaye baba akahamishwa, tukapanda meli bandari ya Mkoani, na ahadi yangu ikabaki Pemba.

Mwaka jana nilirudi na wanangu watatu. Gari bado linaishia mikarafuuni. Nilipowaachia mikono walisimama, hawajui la kufanya, kwa sababu huko mjini tunakoishi hawajawahi kuachiwa njiani. Kisha wakatimua mbio. Siku hizi madukani kumejaa kamba za nailoni, na mashimo ya pwani yamebaki machache. Bi Mize ameshafariki. Maryamu alinipeleka hadi kwenye rundo la mawe lililozama nusu.

"Bibi alituusia tusilifukue," akasema. "Kasema lina mwenyewe."

Nikapiga magoti nikachimba. Makumbi yalikuwa meusi, yameoza kupita kiasi, hayafai kamba wala kitu kingine. Niliyatoa yote hadi la mwisho, nalia, na Maryamu kanishikia kanga isiingie tope.