Eda Yangu na Pampu ya Jirani

Mume wangu alipofariki nilikaa eda katika nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, nyumba ya mawe yenye kuta nene hata dirishani unaweza kukaa ukanywa chai. Zamani kuta hizo zilizuia kila kelele. Kisha jirani akaifanya nyumba yake kuwa ya wageni, akafunga pampu ya maji kwenye ukuta tunaochangia, upande wa kitanda changu. Mgeni akioga, ukuta wangu unanguruma, na meno yangu nayo.

Kabla ya msiba nilikuwa nikichoka na kelele natoka. Eda hairuhusu matembezi. Usingizi ukanipotea, na muuguzi wa mtaani aliyekuja kunipima akaikuta presha iko juu. Alinieleza kwamba kelele zisizokwisha nazo huipandisha, kwa sababu mwili haupumziki hata ukijidai umezoea.

Wageni wa msiba hawakutaka kusikia hayo. Kwao yote yalikuwa majonzi. Mwanangu alishapanga kunihamishia kwake Mbweni, na mimi nilitaka kumaliza eda pale pale aliponiacha baba yake.

Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kukaa nami, akalala chumba cha pili. Ndiye aliyeshikilia zaidi kuwa ni majonzi.

"Presha ya msiba hiyo, wifi. Usiisingizie pampu ya watu."

"Msiba nnao," nikamjibu. "Lakini msiba hauanzi kunguruma wageni wakioga."

Nikatundika mablanketi ukutani mpaka chumba kikawa kama duka la mitumba. Haikusaidia, mtikisiko ulikuwa unapita ndani ya jiwe. Basi siku moja baada ya chakula nikamwomba wifi tubadilishane vitanda, alale kwangu mpaka alasiri tu.

Hakufika alasiri. Alitoka kanga iko begani, kichwa wazi, akauliza nimelalaje mule muda wote huo. Kisha akajitanda, akashuka ngazi. Mimi siwezi kutoka, msimamizi wa nyumba ya wageni ni kijana mwanamume na haingii kwangu; wifi ndiye akawa mdomo wangu. Aliporudi alinihadithia kwamba kijana huyo alimpa shikamoo nzuri, yeye akaitikia marahaba na kumwamuru aweke shavu ukutani pampu ikiwa inafanya kazi. Akaliweka. Siku ya pili pampu ikashushwa uani, ikakalishwa juu ya tairi kuukuu, na bomba la chuma likabadilishwa kwa mpira.

Nikalala. Yule muuguzi alipokuja kunipima tena, presha ilikuwa imeshuka, ila si yote. Mwanangu akakubali nibaki.

"Hiyo iliyobaki," wifi akasema huku akikunja mablanketi, "ni ya kaka yangu."

Kwa hilo sikumbishia. Nilimwambia blanketi moja aliache, la kujifunika yeye, akae nami mpaka eda iishe.