Plagi Baridi kwa Gari la Marehemu

Nilipotoka eda, kitu cha kwanza nilichokikagua hakikuwa kabati wala sanduku, kilikuwa gari. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa amelichukua siku zile nilipokuwa ndani, "lisije likaharibika kwa kukaa," na fundi wake akalifanyia sevisi. Alilirudisha limeoshwa mpaka magurudumu. Mimi mtu akiniletea kitu kisafi kuliko alivyokichukua, huanza kutafuta alichokificha.

Gari lenyewe ni zee, la turbo, na zamani lilikuwa likipanda mlima wa Kwale kama limeitwa. Mimi hushona sare za shule hapa Ukunda na wateja wangu wengi wako huko juu. Bila gari, cherehani zangu ni mapambo. Sasa kila nilipopita Kombani na kuanza kupanda, injini iligonga na kumisi, ikikatakata nguvu, malori yakinipigia honi nyuma. Shemeji alikuwa na jibu tayari.

"Turbo imekufa, shemeji. Wewe liuze tu. Nitalichukua mimi, kwa kukusitiri."

Neno hilo la kunisitiri lilinikaa kooni. Husitiriwa aliye uchi, na mimi nilikuwa nimevaa. Tena nilikumbuka kwamba marehemu, gari likimisi, alikuwa akianza na plagi, zile za kuwashia moto ndani ya injini, si turbo. Nikaamua kutafuta plagi nyingine bila kumwambia mtu.

Maduka ya spea yaliyoko Ukunda yote huuza orijino, kwa mujibu wa wenyewe. La kwanza nilisugua maandishi ya plagi kwa kucha, yakafutika. La pili muuzaji alianza kwa kusifu buibui langu, nikatoka. La tatu nilimkuta mwanamume wa bara mwenye miwani. Nikamtajia gari.

"Sawa, mathe. Unataka baridi ama moto?"

Haya, nikasema moyoni, soda hiyo imekuja. Mteja hulainishwa kwa soda kisha akabandikwa feki. Nami siku ile nilikuwa na saumu ya sunna. Nikamjibu kwa ukavu, "Ahsante, nimefunga."

"Umeshafunga?" Akanitazama. "Umefunga gani?"

"Ya Jumatatu."

Akafikiri kidogo. "Jumatatu. Hiyo kampuni siijui."

Ilituchukua muda kuelewana kwamba mimi nilizungumzia tumbo na yeye injini. Tulicheka sote, ingawa mkoba niliubana kwapani. Akanieleza kwamba plagi baridi hutoa joto upesi na plagi moto hulishikilia. Injini ya turbo ina joto jingi, hutaka baridi. Ukiifungia moto, itagonga ikipanda mlima. Akaongeza kwamba kampuni moja namba ikipanda ndiyo baridi, na nyingine ikipanda ndiyo moto. Hapo nikamtilia shaka upya. Ni biashara gani hiyo ambayo namba zake hupinduka? Nikamwambia anionyeshe zilizomo garini.

Alitoka akafungua moja pale pale mlangoni. Ncha yake ilikuwa nyeupe, imeungua. Akaiweka kando ya plagi yake ya kampuni ile ile, ili namba nizisome mwenyewe.

"Hizi ni moto," akasema. "Aliyezifunga ama hajui, ama anajua sana."

Akafunga baridi zote nne. Kesho yake nilipakia sare, nikapita Kombani, nikapanda mpaka Kwale mjini. Gari halikugonga hata mara moja. Nililia mle ndani, wala sioni haya kusema. Lilikuwa gari la marehemu tena, na lilikuwa langu.

Hata hivyo sikutaka kumdhulumu shemeji. Baadhi ya dhana ni dhambi, na fundi ni binadamu, huweza kukosea. Kwa hiyo nilinyamaza. Habari ya plagi ilibaki baina yangu na yule mwuza spea, ambaye hata jina la ukoo wetu halijui.

Asubuhi moja shemeji alikuja kuuliza nimeamua nini juu ya kuuza. Alinikuta nalitoa gari uani, injini ikinguruma sawasawa. Hakumaliza hata salamu. Alisimama akaisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Nilitaraji aseme alhamdulillahi, au aulize turbo iliyokufa imefufukaje.

"Nani aliyekwambia ni plagi?" akauliza.

Shemeji ana sauti ya kaka yake, haitofautiki hata kidogo. Miezi yote ya eda nilitamani kuisikia sauti ile angalau mara moja, na siku nilipoisikia, ndilo swali hilo ililoniuliza.